Theluji ukutani: kalenda, stika za mlangoni na vijitabu vya ibada ya familia vinavyouzwa Dodoma

Kuanzia Novemba, maduka ya vitabu vya Kikristo mjini Dodoma na meza za wachuuzi karibu na Soko Kuu la Majengo hujaa theluji. Milima myeupe, misonobari iliyoinamishwa matawi, kibanda cha magogo chenye mwanga wa njano dirishani, na juu yake maandishi ya dhahabu: Zaburi 91. Nje ya duka jua linawaka, watu wanatafuta mbegu za mtama na alizeti, na hakuna anayeshangaa.

Mapitio haya yanapima vitu vya aina tatu: kalenda za ukutani zenye picha za theluji, stika na vibao vya mlangoni vinavyotangaza ulinzi wa familia, na vijitabu vya tafakari za majira ya baridi vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wachapaji hawatajwi, maana kasoro nyingi ni za aina nzima wala si za duka moja. Kwa msomaji mwenye haraka: kijitabu ndicho cha kununua, tena kwa masharti. Stika ifikirie mara mbili. Kalenda ni ya kutazamia tarehe.

Kalenda

Kosa lake kubwa ni kuoanisha picha na andiko lisiloihusu. Zaburi 91 inataja mtego wa mwindaji, tauni, mshale wa mchana, simba na nyoka. Haina theluji hata chembe. Si dhambi, ila mtoto anayejifunza kusoma kwa kuitazama kalenda ile mwaka mzima atakua akiamini kwamba uvuli wake Mwenyezi ni kibanda cha mbao huko Ulaya.

Inashangaza, kwa sababu zaburi inayobeba theluji na ulinzi wa nyumba kwa pamoja ipo, nayo ni ya 147. Aya ya 13 inamsifu Mungu aliyekaza mapingo ya malango na kuwabariki watoto walio ndani. Aya tatu mbele, ya 16, Mungu yuleyule anatoa theluji kama sufu na kumwaga barafu kama majivu. Aya ya 17 inauliza ni nani awezaye kusimama mbele ya baridi yake, na ya 18 inasema hulituma neno lake vikayeyuka. Lango, watoto, theluji, baridi, neno linaloyeyusha: mchapaji akitaka andiko la kuweka chini ya mlima mweupe, kila kitu kimo katika aya sita. Hata hivyo, ukipekua rundo zima la kalenda, Zaburi 147 ni nadra kuiona.

Ukiamua kununua, shika karatasi kwa vidole. Ya gramu 130 kwa mita ya mraba hujikunja na kupasuka pale kwenye ukanda wa chuma wa juu pepo za Julai hadi Septemba zikianza. Ya gramu 170 humaliza mwaka. Vumbi jekundu hushika zaidi kwenye karatasi isiyong'aa na halifutiki kwa kitambaa kibichi bila kuacha doa, kwa hiyo chagua ya kung'aa ikiwa sebule inatazama barabara ya udongo. Bei hushuka Januari ikikaribia kuisha. Mwenye kupenda theluji yetu wenyewe anaweza kuuliza zenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ni adimu kuliko zenye Alps, milima ya Ulaya, na hilo ni jambo la ajabu katika nchi ambayo nembo yake ya taifa imekaa juu ya Kilimanjaro. Ikumbukwe kwamba Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji hiyo alikuwa mmisionari, Johannes Rebmann, mwaka 1848, na mabingwa wa jiografia waliokaa London walimbishia kwa miaka kadhaa kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani.

Stika na vibao vya mlangoni

Maneno yanayouzwa sana ni yale ya kwamba nyumba hii imefunikwa kwa damu ya Yesu, mara nyingi kwa herufi nyekundu juu ya mandhari nyeupe ya theluji. Kwa ufundi, udhaifu wake ni jua. Wino mwekundu wa stika za bei nafuu hupauka kabla ya mweusi na wa buluu, na mlango unaotazama magharibi Dodoma hupigwa jua kali kila alasiri. Baada ya miezi kadhaa theluji itakuwepo na damu itakuwa imegeuka rangi ya waridi. Ukitaka idumu, ibandike upande wa ndani. Futa mlango kwa spiriti, subiri ukauke, ondoa karatasi ya nyuma kidogo kidogo huku ukisukuma hewa kwa ukingo wa kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye mlango wa chuma fanya asubuhi kabla haujapata moto. Ukibandika saa nane mchana stika hutanuka, kisha usiku ikipoa hujikunja pembeni.

Kwa maana, chanzo chake ni Kutoka 12, usiku wa Pasaka ya kwanza kule Misri, na stika imechukua nusu ya agizo. Damu ilipakwa kwa tawi la hisopo juu ya kizingiti cha juu na miimo miwili, naam. Lakini aya ya 22 inaendelea: mtu yeyote asitoke nje ya mlango wa nyumba yake mpaka asubuhi. Kabla ya hapo, aya ya 8 inataka nyama iliwe usiku uleule, na aya ya 26 na 27 zinataka watoto watakapouliza maana ya utumishi ule, wazazi wawe na jibu. Alama ilikuwa mlangoni, familia ilikuwa ndani, na jibu lilikuwa kinywani mwa wazazi. Nyumba yenye stika ambayo kila mmoja anarudi saa yake na hakuna anayeulizwa alikuwa wapi imenunua robo ya Pasaka.

Vichupa vya mafuta vinavyouzwa meza hiyohiyo kwa ajili ya kupaka madirisha na magari havina mengi ya kusemwa. Yakobo 5:14 inawaita wazee wa kanisa kwa mgonjwa. Madirisha hayajatajwa.

Vijitabu vya tafakari

Hapa ndipo penye mali. Vingi ni vya ukubwa wa A5, vimebanwa kwa pini mbili, vina tafakari fupi za siku kadhaa zilizoandikwa awali kwa ajili ya familia za nchi za baridi. Tafsiri mara nyingi inasomeka vizuri. Shida ni kwamba mfasiri ametafsiri maneno akaacha hali ya hewa kama ilivyokuwa. "Desemba hii, mnapokaa karibu na moto wakati nje kumefunikwa na weupe" haimwambii kitu mama wa Kongwa ambaye Desemba yuko shambani na jembe, jasho likimtiririka.

Lakini msomaji wa Dodoma asijidharau mbele ya kitabu hicho. Nchi ya Biblia ina msimu mmoja wa mvua, takriban Oktoba hadi Aprili, na kiangazi kirefu kikavu. Theluji Yerusalemu haianguki kila mwaka. Ilionekana kwa mbali, juu ya Hermoni wenye mita kama 2,800, na maji yake yakilisha Yordani. Kanda ya kati ya Tanzania ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, milimita kati ya 550 na 600 hivi kwa mwaka, kisha ukavu. Waandishi wa Biblia walipoiona theluji waliwaza maji na mavuno, kama mkulima wa Bahi au Chamwino angewaza. Mwandishi wa kijitabu aliyezaliwa kwenye baridi ndiye aliye mbali zaidi na andiko, kwa kuwa kwake theluji ni ya kila mwaka na maji yapo bombani.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kununua: usifuate tarehe zilizochapwa. Zigawe tafakari upya. Zile za Isaya 55:10-11, theluji na mvua zisizorudi mbinguni mpaka zimempa mpanzi mbegu na mlaji chakula, zisomwe Desemba wakati wa kupanda. Zile za baridi, mavazi na nyumba ziwekwe Juni na Julai, wakati wa kipupwe, usiku wa Dodoma unaposhuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi na upepo ukipenya kwenye nafasi kati ya ukuta na bati. Hapo ndipo Mithali 31:21 inapoeleweka bila mhubiri.

Andiko hilo ndilo moyo wa vijitabu hivi vyote, na vizuri zaidi kati yake hulitendea haki. Mke mwema anayesifiwa katika sura hiyo haiogopi theluji kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake, kwa sababu wote wamevikwa. Haisemwi kwamba aliikemea theluji. Aya ya 13 anatafuta sufu na kitani, aya ya 19 mikono yake iko kwenye pia ya kusokotea, aya ya 15 anaamka kungali usiku kuwapa chakula watu wa nyumbani na wajakazi wao kazi. Ulinzi umefumwa wakati wa joto, na wajakazi wamo katika hesabu. Kijitabu kikiruka kutoka aya ya 21 moja kwa moja hadi "vunja kila roho ya baridi", kirudishe mezani.

Palipo dhaifu zaidi ni kuifanya theluji kila mara kuwa usafi. Isaya 1:18 na Zaburi 51:7 ni kweli zinasema hivyo, na zinastahili nafasi. Lakini mara tatu Agano la Kale linatumia "kama theluji" kwa ukoma: mkono wa Musa katika Kutoka 4:6, Miriamu katika Hesabu 12:10, Gehazi katika 2 Wafalme 5:27. Mbili kati ya hizo ni habari za familia, na mwalimu wa ibada ya nyumbani anayeziacha anapoteza somo la ulinzi lililo zito kuliko yote.

Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alimkimbilia kwa uongo Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa ameponywa ukoma, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akayaficha nyumbani. Ukoma ulimshika yeye na uzao wake. Hatari haikuingia kwa mlango ambao stika ingeulinda; ililetwa na baba mwenyewe, imefungwa kwenye mifuko miwili, na ikawekwa ndani. Habari ya Miriamu inaumiza kwa namna nyingine. Yeye na Haruni walimsema ndugu yao Musa kwa sababu ya mke Mkushi aliyemwoa. Wangapi wetu hatujakaa kwenye kikao cha ukoo kinachofanana na hicho? Akawa mweupe kama theluji. Haruni akamsihi Musa, Musa aliyesemwa vibaya ndiye akamlilia Mungu amponye dada yake, na kambi nzima haikusafiri siku saba mpaka aliporudishwa. Ukiisoma sehemu hiyo kwa sauti mbele ya mawifi na shemeji, haihitaji maelezo mengi.

Benaya aliyeua simba shimoni siku ya theluji, 2 Samweli 23:20, hupendwa na waandishi wa sura za akina baba. Ni askari hodari, lakini andiko halisemi simba alikuwa akiinyemelea nyumba yake. Anafaa kwa somo la ujasiri tu.

Kuna sehemu moja ambayo karibu kila kijitabu huiacha, nayo ingeuzika Dodoma kuliko zote: Ayubu 6:15-20. Ayubu anawafananisha ndugu zake na vijito vinavyojaa barafu na theluji iliyoyeyuka, kisha joto likija vinatoweka, na misafara ya Tema na Sheba inafika na kuaibika. Mtu aliyeliona korongo la mchanga likiunguruma Februari na kukauka Juni analo andiko hili tayari. Andika pembeni mwa kijitabu chako, usomeni, kisha mtaje kwa majina jamaa ambao familia inaweza kuwaendea Septemba.

Namna ya kukitumia jioni

Dakika kumi na tano zinatosha. Vijitabu vinavyopanga dakika arobaini huishia na watoto wamelala. Soma kwanza andiko lenyewe kutoka kwenye Biblia, aya sita hadi nane, si lile lililokatwa kwenye kijitabu. Mtoto mmoja aeleze alichosikia. Soma tafakari, ukibadilisha mifano papo hapo. Uliza swali moja tu. Kisha maombi, na hapa fuata Ayubu 1:5: aliamka alfajiri akatoa sadaka kwa hesabu ya watoto wake wote. "Ibariki familia yetu" ni sala fupi mno. Taja kila mtoto kwa jina, aliyeko bweni, aliyeko kwa bibi, na binti wa kazi pia.

Kwa watoto wasiojua theluji, vijitabu vinapendekeza kutoka nje kuiokota, jambo lisilowezekana. Badala yake tumia barafu. Gandisha maji yaliyochemshwa kwenye kopo la plastiki, toa, chagua vipande vya pembeni vilivyo angavu (katikati huwa na ukungu kwa sababu ya hewa iliyonaswa, na hiyo huharibu somo). Funga kwenye kitambaa safi, ponda kwa mchi. Barafu iliyokuwa kama kioo inakuwa nyeupe. Hakuna rangi iliyoongezwa. Mwanga unarushwa huku na huko na nyuso nyingi ndogo, na theluji ni nyeupe kwa sababu hiyohiyo. Mimina kwenye sahani nyeusi, soma Isaya 1:18 haraka, kisha acha iyeyuke na usome Zaburi 147:18. Fanya baada ya magharibi. Mchana wa Oktoba itakuwa maji kabla hujafungua Biblia. Ukitaka kuonyesha kiasi, eleza kwamba theluji mpya yenye kina cha sentimita 10 hutoa maji ya kama sentimita 1 tu. Iliyobaki ni hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofanya shamba la ngano la nchi za baridi lisife chini yake, kama lililofunikwa blanketi.

Walimu wengi wa shule ya Jumapili husema theluji ni mvua ya mawe. Sivyo, na watoto wa Dodoma wameiona mvua ya mawe ikichanachana majani ya alizeti, kwa hiyo wataiogopa theluji bure. Mvua ya mawe ni madonge yanayojengeka tabaka juu ya tabaka ndani ya wingu la radi. Theluji ni fuwele ndogo zenye pembe sita, hushuka polepole. Ayubu 38:22 inazitaja zote mbili, kila moja na ghala lake.

Sufu nayo ina kazi. Kondoo wengi wa kanda hii wana manyoya mafupi kama ya mbuzi, hivyo "theluji kama sufu" ya Zaburi 147:16 haiwaambii watoto kitu. Tumia pamba. Majivu ya aya hiyohiyo hayahitaji kifaa, jiko lipo.

Na kuhusu jiko: picha ya familia ikisali kuzunguka moto, iliyopo karibu kila jalada, ina hatari ambayo haikuandikwa ndani. Nyumba iliyochorwa pale ina bomba la kutolea moshi. Chumba cha Julai kilichofungwa madirisha na kuzibwa upenyo kwa magunia, katikati kukiwa na jiko la mkaa, hujaa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hawaamki. Mkaa ulioiva mwekundu bila moshi bado unaitoa. Jiko libaki nje au jikoni penye hewa. Ndani valisheni sweta na soksi, ongezeni blanketi, zibeni nafasi ya juu ya ukuta palipo na upepo lakini dirisha moja libaki na upenyo. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka mwenye kujenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, yaani paa tambarare la juu, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Somo la mkaa linakaa vizuri kabisa chini ya aya hiyo, na lingestahili ukurasa mzima wa kijitabu.

Kabla ya kulipa

Fungua ukurasa wowote na ukague rejea tano kwa Biblia ya duka. Makosa ya kugeuza namba ni ya kawaida, Isaya 1:18 ikawa 18:1. Zaburi 51:7 ikionekana kama 51:9 si kosa la chapa. Kuna Biblia zinazohesabu maelezo ya juu ya zaburi kama aya, kwa hiyo familia zenye Biblia tofauti zijulishwe mapema. Angalia kama maandiko yamenukuliwa kutoka Union Version, tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka, au yametafsiriwa upya na mfasiri wa kijitabu. Wazee waliokariri Union Version hukwama na tafsiri ngeni na ibada hugeuka mabishano. Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake hapahapa Dodoma, hivyo Biblia ya kulinganishia haipatikani kwa shida.

Vuta karatasi ya katikati taratibu. Ikicheza kwenye pini, itang'oka kabla ya mwezi. Peleka steshenari wakiongeze pini ya tatu na jalada la plastiki. Usikiweke kwenye rafu iliyogusana na ukuta wa udongo, mchwa hupanda nyuma bila kuonekana na huanzia kwenye vitabu visivyoguswa. Nakala moja kwa nyumba inatosha. Kwa jumuiya yenye kaya kumi, nunueni tatu na mzizungushe, fedha itakayobaki mnunue blanketi kwa kaya isiyo nalo kabla ya Juni.